Matumbawe, Si Matumbo

Sikupanga kufuga bahari. Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu, kazi yangu ni madirisha na yale makabati ya kuonyeshea mandazi, na kibanda changu kiko Kawangware, upande unaoitwa Kongo. Siku moja niliitwa Lavington kuziba tangi la samaki lililokuwa likivuja kwenye kona. Kutoka kwetu mpaka Lavington ni mwendo wa mguu tu, lakini ukifika kule hata mbwa wanabweka kwa zamu. Nilipomaliza kuziba, mwenye nyumba akaniambia familia inahama nchi, na kama naweza kulibeba tangi na vyote vilivyomo, nibebe. Nikarudi na mkokoteni. Ndivyo bahari ilivyoingia kwetu Riruta Satellite, ikiwa ndani ya ndoo za mafuta ya kupikia, mimi nikisukuma na watu wakiniuliza nauza bei gani.

Nisimwonee yule mwenye nyumba: alinieleza kila kitu. Alinieleza kwa Kiingereza cha haraka, nami nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu mtu akikupa kitu bure huwezi kumwambia arudie. Nilichoshika ni kwamba samaki si shida. Shida ni yale mawe, kwa maana si mawe. Ni matumbawe, ni wanyama wadogo wanaojenga mifupa na kuishi juu yake, na mifupa hiyo wanaijenga kwa vitu viwili vilivyoyeyuka majini: kalsiamu na alkali. Baharini viko tele. Kwenye tangi vinaliwa hadi vinaisha, na mwenye tangi asipoviongeza, mnyama anajikunja, kisha anakufa na kubaki mweupe kama mfupa wa supu.

Shule niliacha kidato cha pili, kabla kemia haijafika mahali pa maana. Kwa hiyo yote ninayoandika hapa kuhusu maji nimeyatoa kwenye simu, na inawezekana nimeyashika vibaya.

Baba yangu ndiye mwenye ploti tunayokaa, jengo zima na wapangaji wake. Yeye yuko juu, mimi na mke wangu tuko chini. Alishuka siku ya kwanza, akasimama mbele ya tangi na mikono mgongoni, vile anavyosimama mbele ya mpangaji ambaye hajapenda sura yake.

"Hii maji iko na nini?"

"Iko na chumvi, Mzee. Na kalsiamu. Na alkali."

"Nani alikalia?"

"Hakuna aliyekalia. Alkali."

"Ati maji ni kali?"

"Si kali. Ni alkali. Ni kama... ni nguvu ya maji."

Alifikiria. "Maji haina nguvu," akasema, akapanda kwake. Nilibaki nikijiuliza kama amesema kweli. Mpaka leo sijui vizuri kueleza alkali ni nini. Ninachojua ni kwamba ikishuka, mambo yameharibika.

Majirani nao walikuwa na lao. Pale kwetu maji ya bomba yanakuja siku yakijisikia, na siku nyingine zote ni mitungi. Mimi nilikuwa nikinunua maji yaliyochujwa, yale ya kujaziwa dukani, halafu natia chumvi ya bahari kutoka kwenye ndoo niliyopewa Lavington. Mama mmoja wa ploti yetu, anayesuka nywele hapo mlangoni kwake, hakuweza kunyamaza.

"Aki wewe! Sisi tunatafuta maji tamu, wewe unaitia chumvi!"

"Ni ya kufuga."

"Kufuga nini? Hiyo ni mawe naona." Akawageukia wateja wake. "Huyu ndio mchungaji mpya wa Satellite. Kondoo zake ni mawe."

Jina likashika. Vijana wa bodaboda wakawa wananisalimu, "Niaje, pasta wa mawe!" Sikukasirika. Ukiangalia kwa haki, mtu anayewasha taa mchana kwa ajili ya mawe hana la kujitetea.

Kosa nililofanya ni kumjibu yule msusi siku aliyouliza mawe yale yanaitwaje hasa.

"Matumbawe," nikamwambia.

"Matumbo?"

"Matumbawe."

"Aaah. Matumbo." Akatikisa kichwa kwa huruma.

Matumbo sote tunayajua. Yanauzwa kila kona Kawangware jioni ikifika, na watu wanapanga foleni. Lakini hakuna anayeyaweka sebuleni ndani ya kioo na kuyawashia taa ya buluu. Habari ikaondoka kwenye kile kiti cha kusukia, ikapita Kongo, ikatafuta njia yake mpaka Kibera, na huko Kibera ikaingia nyumba ambayo sikutaka iingie, kwa mama mkwe wangu. Ilipofika kwake matumbo yalikuwa tayari ya nguruwe.

Hapa lazima nieleze. Mke wangu ni Mnubi wa Kibera. Mababu zake waliletwa wakiwa askari wa wakoloni, wakabaki, na mama yake ana duka la vitambaa upande wa Makina na heshima ya kutosha mitaa kadhaa. Sisi tulioana kwa ofisi ya serikali, si msikitini wala kanisani, tukafanikiwa kuudhi pande zote mbili kwa sahihi moja. Baba yangu alipoa haraka, kwa sababu anakaa juu yetu na harufu ya pilau inapanda. Mama mkwe hakupoa, ila pia hakunigombeza hata siku moja. Alisema jambo moja tu: kwangu hatakula.

Sababu yake ilikuwa sufuria. Alijua baba yangu ni mtu wa nguruwe choma, na alijua mimi kabla ya kuoa nilikuwa mtoto wa baba yangu. Hofu ile ilikuwa na msingi. Kuna karai nyumbani kwetu ambalo nisingelitetea mahakamani. Mke wangu aliposikia neno la mama yake alikwenda akanunua sufuria mpya, seti nzima, akazifungia kwenye kabati la juu zikiwa na karatasi zake za dukani. Hazijaguswa. Zilikuwa zinamngoja mtu mmoja. Mwaka mzima mama hakuja, na mke wangu kila akipangusa kabati alikuwa anapangusa na lile la juu.

Basi simu ikalia. Nilikuwa hapo hapo, na mama mkwe huongea kwenye simu kama anaita mtu ng'ambo ya reli.

"Nasikia mume wako ameweka matumbo ya nguruwe kwa kioo. Sebuleni."

"Mama, ni matumbawe."

"Ndio hayo hayo."

"Si hayo, mama. Ni ya baharini."

"Nguruwe wa baharini?"

"Mama!"

"Jumapili nakuja kuona na macho yangu. Chakula msipike. Ninakuja na changu."

Mke wangu aliweka simu chini polepole. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Anakuja," akasema. "Hajawahi kuja. Sasa nisikilize. Lile jiwe lako la mikunjo likiwa limejifunga, linafanana na matumbo, usibishe."

Sikubisha. Lina mikunjo iliyolala juu ya mikunjo, na likijifunga hata mimi nakumbuka njaa.

"Likiwa limefunguka linafanana na ua. Akikuta ua, atakaa. Akikaa, atakula. Kwa hivyo lifungue."

Ningewezaje kumwambia kwamba jiwe halifunguliwi? Lilikuwa limeanza kujikunja wiki hiyo hiyo. Nilipima maji. Kupima ni hivi: unachukua maji kwenye kichupa, unatia dawa tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, na idadi ya matone ndiyo jibu. Mtu wa Lavington bila shaka alipima peke yake chumbani kwa utulivu. Mimi napima sebuleni.

"Saba, nane, tisa..."

"Umetoa nguo kwa kamba?" mke wangu anauliza.

"Nimetoa. Nane, tisa..."

"Ulishafika tisa."

"Nilikuwa tisa ya kwanza."

Na rangi ikibadilika kunakuwa na kesi ya pili. Karatasi inasema pinki iwe buluu. Mimi naona buluu, mke wangu anaona zambarau. Tulimwita msusi aamue, kwa kuwa kazi yake ni rangi. Akasema hiyo ni rangi ya jamu. Tukakubaliana, kwa haki, kwamba alkali imeshuka na kalsiamu imeshuka, ila hatujui kwa kiasi gani.

Kwenye simu niko kwenye kundi la wafugaji wa matumbawe. Wengi ni watu wa Karen na Runda, mitaa ya matajiri, na nawashukuru, maana hawakuniuliza nakaa wapi. Nikaandika shida yangu. Mmoja akasema ongeza alkali leo leo. Mwingine akasema ukiongeza leo umeua. Wa tatu akasema usikimbize namba, tazama mnyama. Wa nne akaniuliza nina mashine gani ya kutia dawa yenyewe bila mkono, nikamwambia nina kijiko. Hakuandika tena.

Nikafuata lililonielea. Alkali inaongezwa na magadi soda, ile ya pakiti, nikaichemsha kwanza na maji, nikaipoza. Mwenye duka alikuwa ameshanizoea. "Magadi tena? Maharagwe ya shule gani hiyo?" Kalsiamu niliipata mjini kwa wauza kemikali. Na sheria ni kwamba hivi viwili havikutanishwi. Magadi asubuhi, kushoto, karibu na pampu, polepole. Kalsiamu jioni, kulia. Vikikutana kabla havijatawanyika vinashikana, vinageuka kuwa chokaa, vinaanguka chini kama unga, na mnyama hapati hiki wala kile.

"Kama baba yako na mama yangu," mke wangu akasema.

Tulicheka. Nilipaswa kuacha kucheka nikafikiri, maana nilikuwa nimewaeleza watu wawili jambo lile nusunusu. Baba yangu aliponiuliza mawe yanakula nini, nilimjibu kwa lugha ya ujenzi, nikamwambia yanataka kitu kama chokaa. Mama mkwe alipomuuliza binti yake kwa simu, alijibiwa kwa lugha ya jikoni, kwamba yanakula magadi. Kila mmoja alipewa anachokijua. Niliona ni adabu.

Jumapili jiwe lilifunguka. Sijui kama ni mimi nililifungua au liliamka tu. Lilivimba, mikunjo ikatoa vidole vidogo vya kijani vinavyocheza, na samaki wetu wawili wa rangi ya machungwa wakawa wanapita juu yake kama wenye nyumba. Mke wangu alivaa vizuri. Aliosha mchele akauacha kwenye bakuli bila kuupika, kwa sababu aliambiwa asipike, na kwa sababu mchele ulioloweshwa ni rahisi kupika.

Mama mkwe aliingia na sinia kichwani kwa mtu aliyemsaidia kutoka barabarani, limefunikwa na tabaga, kile kifuniko cha Kinubi cha kusuka chenye rangi zote. Chini ya tabaga palikuwa na gurusa, ile mikate myembamba, na mchuzi wake. Sahani yake pia alikuja nayo. Na kijiko.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Yako wapi?"

Nikamwonyesha. Akavuta kiti akakaa mbele ya kioo. Alitazama muda mrefu. Baba yangu alikuwa ameshuka na suti yake ya kanisa, akasimama upande wa pili, mikono mgongoni.

"Kwa hivyo si matumbo," mama mkwe akasema.

"Si matumbo, mama."

"Ni mti?"

"Ni mnyama. Lakini hatembei."

"Halali?"

"Hatumli, mama."

"Sijauliza kama mnamla."

Sikutaka kumdanganya, nikasema sijui. Nadhani alipenda hivyo, maana alifungua ushungi kidogo akaegemea kiti. Mke wangu alinitazama kutoka mlango wa jikoni kwa macho ya mtu anayeona mvua inakuja. "Nenda ulete soda ya tangawizi," akaniambia. "Na chumvi, ya jikoni imeisha."

Dukani nilikuta watu. Njiani kurudi nilikuwa nawaza kama kalsiamu ya jioni niitie kabla ya wageni kuondoka au baada. Nilipofungua mlango, bahari ilikuwa imegeuka maziwa.

Si mzaha. Huoni jiwe, huoni samaki. Ni kioo cheupe na taa ya buluu juu yake. Baba yangu alikuwa amesimama kulia, mama mkwe amesimama kushoto, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

"Nani ametia nini?" nikauliza, na sauti yangu mwenyewe sikuijua.

"Mimi nimetia magadi kidogo," mama mkwe akasema. "Magadi yenyewe, ya mawe, si huo unga wenu wa pakiti. Nilikuja nayo. Nikaona wanyama wa watu wanatoa ulimi nje, wana njaa."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha sufuria ya kunde."

"Na wewe, Mzee?"

"Chokaa." Alisema kama mtu anayetaja sifa. "Ile tulipaka ukuta nayo. Huyu mama alipoenda kunawa nikaona nisaidie. Niliweka mkono moja tu."

"Maji ilikuwa safi mpaka yeye aweke yake," mama mkwe akasema.

"Haiya! Maji ilikuwa safi mpaka magadi ifanye kazi! Mimi nimejenga ploti mzima na hiyo chokaa, haijawahi fanya hivyo!"

"Ukuta haunywi, mzee."

Kwa haki, kila mmoja alisema kweli kwa nusu, na kila mmoja alitia kwa mapenzi. Lakini nilijua kinachoendelea mle ndani. Vitu viwili vimeshikana vikawa unga, na juu ya hapo chokaa na magadi vimeyafanya maji kuwa makali kweli kweli, ule ukali aliousema baba yangu siku ya kwanza. Mke wangu alitoka jikoni, akaona, akakaa chini kwenye mkono wa kochi. Niliona mwaka wote na sufuria zake vinaenda na yale maji.

Nikaandika kwenye kundi. Wa kwanza akajibu, "Weka picha." Nikaweka picha nyeupe. Akajibu, "Hii haionyeshi kitu." Mwingine, Mungu ambariki, akasema badilisha maji unayoweza, na tia siki kidogo kidogo karibu na pampu, siki itashusha ule ukali, kisha usiguse.

"Siki!" nikaita. "Tuna siki?"

Mke wangu hakusikia, au hakuweza kuinuka. Mama mkwe ndiye aliyeingia jikoni. Alikuwa hajawahi kuvuka kile kizingiti. Nikasikia makabati yanafunguliwa, moja, lingine, lingine, milango inapigwa, halafu kimya.

Sikuwa na nafasi ya kufikiria kile kimya. Nilikuwa nimeshatoa mpira wa maji, navuta maji meupe, na baba yangu amevua koti la kanisa anabeba ndoo kwenda nje. Msusi alikuwa mlangoni kwake. "Mzee, leo mnakama ng'ombe gani?" Baba akampita na ndoo yake. Nilikuwa na ndoo za maji ya chumvi tayari kando, zile za kubadilisha, nikazimimina taratibu.

Mama mkwe alitoka na chupa ya siki mkono mmoja. Mkono wa pili alishika sufuria, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni.

"Hizi ni za nani?"

Mke wangu akainua kichwa. "Ni zako, mama."

"Zangu tangu lini?"

"Tangu nikuje hapa."

Mama mkwe aliigeuza sufuria juu chini, akaitazama ndani, akapitisha kidole. Akanipa siki. Nikaanza kutia, kijiko kwa kijiko, naomba. Nyuma yangu nikasikia karatasi ya dukani ikibanduliwa, ile sauti ya gundi iliyokaa sana.

"Mchele uko wapi?" akauliza.

Walipika wote wawili. Sijui walisema nini, kwa maana walifunga mlango na waliongea Kinubi. Mimi na baba tulibaki na bahari. Unga ulianza kukaa chini, juu ya mchanga na juu ya kila kitu, kama vumbi la barabara inayojengwa. Samaki mmoja akatokea, kisha wa pili, wanahema haraka. Jiwe la mikunjo likaonekana mwisho. Lilikuwa limejifunga kabisa, limesinyaa, la kijivu, limelala mkunjo juu ya mkunjo.

Chakula kikaja. Wali kwenye sufuria mpya, mchuzi wake, gurusa zake. Mama mkwe akajipakulia kwenye sahani yetu. Akakaa pale pale mbele ya kioo, akatazama jiwe, akameza tonge lake la kwanza kwangu.

"Sasa ndio yanafanana na matumbo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yatapona?"

"Sijui, mama. Nadhani. Mtu wa simu amesema nisiguse."

Baba yangu alinawa mikono kwa kelele, kila mtu asikie, akakaa mbali kidogo na sahani. "Mimi leo sijakula ile kitu," akatangaza, akimaanisha nguruwe. "Jumapili sikulangi."

"Na Jumatatu?" mama mkwe akauliza.

"Jumatatu ni mbali, mama."

Mama mkwe akamsogezea mchuzi. Kisha akaonja wali tena, akasimamisha kijiko hewani, akanigeukia.

"Chumvi iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Soda ilikuwa mezani. Chumvi nilikuwa nimeisahau. Mke wangu alinitazama, na sote bila kutaka tukaitazama ile ndoo kubwa ya Lavington iliyoandikwa chumvi ya bahari ubavuni kwa herufi kubwa.

"Hiyo si ya kula, mama," nikasema. "Ni ya mawe."

Mama mkwe akashusha kijiko. "Nyumba nzima bahari," akamwambia binti yake, "na wali hauna chumvi." Halafu akala, akajiongeza, na mpaka anaondoka aliendelea kulalamika kuhusu ile chumvi.